Mbio za Alupe na Saa ya Mwamuzi

Yeyote asafiriye kutoka Busia kwenda Malaba wakati wa magharibi, awe mwalimu arejeaye nyumbani au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe aliyekawia mjini, anaijua hofu ninayokusudia kuizungumzia leo. Pikipiki mbili zinakuja sambamba, waendeshaji wameinamia usukani, injini zinalia kama nyuki waliochokozwa. Mbele yao pana trela lililoegeshwa kando ya barabara likingoja zamu ya kuvuka mpaka, na nyuma ya trela hilo mama mmoja anatoka na karai la omena kichwani. Mbio hizo hazikutangazwa na mtu, hazina mwamuzi, wala hazina tuzo isipokuwa sifa za kijiweni.

Kila jambo la namna hii litokeapo, wakubwa wetu huwa na jibu moja tu: msako. Pikipiki hunaswa, hurundikwa katika uwanja wa kituo cha polisi, wenyewe hulipa faini, na baada ya juma mbili mchezo hurudi palepale. Sisemi kwamba polisi wasifanye kazi yao. Barabara ya umma si uwanja wa michezo, na katika nchi ambayo mwaka 2024 ilipoteza zaidi ya watu 4,700 kwa ajali za barabarani, hakuna mwenye akili timamu awezaye kuutetea mchezo huo. Ninalosema ni kwamba msako peke yake umeshindwa, nasi hatuna budi kujiuliza ni kwa nini.

Sababu ya kwanza i katika historia ya mahali penyewe. Busia ndiko inakosimuliwa kwamba jina boda boda lilizaliwa, katika miaka ya 1960, pale vijana wenye baiskeli walipoanza kuwavusha wasafiri na mizigo kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda. Basi lilimshusha abiria upande huu, naye akahitaji mtu wa kumfikisha upande wa pili. Aliyekanyaga pedali kwa nguvu zaidi ndiye aliyerudi upesi kumchukua abiria mwingine. Baada ya serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki zikaenea kote nchini na baiskeli zikaanza kutoweka polepole. Hata ule ukaguzi wa pamoja wa mpakani, uliozinduliwa rasmi Busia mwaka 2018, haukuyabadili maumbile ya kazi hii. Kijana wa boda boda analipwa kwa wepesi, anasifiwa kwa wepesi, na mwishowe anaadhibiwa kwa wepesi uleule. Je, tunastaajabu kwamba jioni anataka kujua nani mwepesi kuliko mwenzake?

Wamarekani walikutana na fumbo hili kabla yetu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, vijana wa jimbo la California walinunua magari makuukuu, wakayafumua injini na kushindana usiku katika barabara za miji. Magazeti yakapiga kelele, polisi wakakamata. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama kilichoitwa National Hot Rod Association, kwa shabaha ya kuwatoa vijana barabarani na kuwapa mahali pa halali. Katika mji wa Pomona polisi wenyewe waliunga mkono shabaha hiyo, na mwaka 1953 chama kikafanya mashindano yake rasmi ya kwanza huko, katika maegesho ya uwanja wa maonyesho. Mwaka uliofuata watu wanne, mmoja wao sajini wa zamani wa polisi wa Pomona, walizunguka miji ya Marekani na trela lenye vifaa vya kupimia muda, wakiwafundisha wenyeji namna ya kuendesha mbio salama. Msafara wao waliuita Drag Safari. Neno letu lilitumika kuokoa vijana wa watu wengine, nasi tungali tunawafukuza wetu kwa rungu.

Lakini kilichonivutia zaidi ni namna mojawapo ya mbio hizo, inayopendwa sana na watu wa kawaida wasio na fedha za kununua mashine kali. Mbio hukimbiwa katika mstari ulionyooka, wawili wawili, kwa masafa ya meta 402 au nusu yake. Kabla ya kuanza, kila mmoja hutangaza na kuandika waziwazi muda anaodhani chombo chake kitautumia. Tuuite muda wa ahadi. Mwenye chombo kizito huruhusiwa kuondoka kwanza, kwa tofauti ya ahadi hizo mbili. Anayefika mbele hushinda, ila kwa sharti moja: asiwe mwepesi kuliko alivyoahidi. Akiipita ahadi yake kwa wepesi, ameshindwa, hata kama mwenzake angali nyuma. Anayeondoka kabla ya taa yake kuwaka naye hupoteza.

Mwalimu wa hisabati aweza kuliandika jambo hili ubaoni. Pikipiki kuukuu imeahidi sekunde 21, mpya imeahidi 19. Basi kuukuu inaondoshwa sekunde 2 mapema. Mwenye kuukuu anachelewa kuitikia taa kwa sekunde 0.4, kisha anakimbia kwa 21.1, jumla 21.5. Mwenye mpya anangoja zile 2, anaitikia kwa 0.2, anakimbia kwa 19.2, jumla 21.4. Anashinda kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Lakini lau angekimbia kwa 18.9, angefika mapema zaidi na bado angeshindwa, kwa kuwa alidanganya kuhusu chombo chake au hakukijua.

Tazama hekima iliyomo. Katika vijiwe vyetu wapo wanaoendesha pikipiki za matajiri, ambao jioni lazima wapeleke hesabu kwa mwenye mali, na wapo wachache walionunuliwa mashine kubwa na wazazi wao. Mbio za kawaida humpa ushindi mwenye baba tajiri. Mbio za ahadi humpa ushindi anayekijua chombo chake, anayekitunza, na awezaye kulifanya jambo lilelile mara kumi bila kuyumba. Tabia hiyo ndiyo abiria angependa kuiona kwa kijana anayempeleka shuleni mtoto wake. (Na tusidhani kuwa fikira ya kusawazisha wasiolingana ni ngeni kwetu: yale mashindano ya magari ya mwaka 1953 yaliyokuja kuitwa Safari Rally, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyapanga magari katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani, wala si ukubwa wa injini.)

Najua watakaosema kwamba kuwafundisha vijana mbio ni kuwapalilia wazimu. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi; pengine wapo watakaotoka uwanjani Jumapili na kuendelea na mchezo barabarani Jumatatu. Kwao kanuni iwe kali: atakayenaswa akishindana barabarani asikanyage uwanjani mwaka mzima. Kijana asiyetishwa na faini huenda akatishwa na kufungiwa mchezo ambao wenzake wote wanautazama. Hoja ya kamari inanitia wasiwasi zaidi. Ahadi ya muda ni kitu kinachoweza kununuliwa: mwendeshaji akihongwa, ataipita ahadi yake kusudi na hakuna atakayemshuku. Kwa hiyo, fedha zisikaribie uwanja huo. Tuzo iwe matairi, mafuta ya injini na kofia ngumu.

Ama gharama, si kubwa kama inavyodhaniwa. Panahitajika kipande cha lami kilichofungwa kwa siku moja, chenye meta 201 za kukimbilia na zaidi ya hizo za kupunguzia mwendo. Panahitajika kamba ya kuwazuia watazamaji, kofia ngumu zilizokaguliwa, gari la wagonjwa, na watu wa kupima muda wasio na upande. Shirikisho la michezo ya magari la Kenya lina kanuni na waamuzi wake. Serikali ya kaunti ingeanza kwa kuomba ushauri huko, kabla ya kumwita mwanasiasa yeyote aje kukata utepe. Waendeshaji wenyewe wana vyama vyao, navyo vinamjua kila kijana kwa jina na kwa pikipiki yake.

Kwa upande wa kupima muda, natazama Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake mwaka 2022 na ambacho wanafunzi wake ni abiria wa pikipiki hizihizi. Taa mbili, vihisio viwili na saa moja ya elektroniki si kazi iwezayo kuwashinda. Wakivitengeneza muhula huu, Jumapili ya kwanza ya likizo yaweza kutosha kwa majaribio, na hospitali ya Alupe haiko mbali.