Si kila kiu ni ya mimba: dada, itisha kipimo cha sukari

Mwaka jana dadangu akiwa na mimba ya miezi saba, tuliishi naye chumba kimoja hapa Nairobi. Usiku nilikuwa nasikia mlango wa choo ukifunguliwa mara nne, mara tano. Mtungi wa lita tano niliojaza jioni, asubuhi hauna kitu.

Tulimcheka. Mimi nilimwambia mtoto anajifunza kuogelea. Mama naye akasema kwa simu: "Ni mimba tu, hata wewe ulinisumbua hivyo hivyo."

Kumbe haikuwa mimba tu. Alijifungua kwa upasuaji wa dharura, mtoto wa kilo 4.7. Saa chache baadaye sukari ya mtoto ikashuka, akalazwa siku nne. Hapo ndipo tuliposikia kwa mara ya kwanza maneno "kisukari cha ujauzito". Leo wote wako salama, lakini ule utani bado unaniuma.

Daktari alitueleza hivi. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama ishindwe kufanya kazi vizuri. Mwili wa mama usipoweza kutoa insulini zaidi, sukari hupanda kwenye damu na kumfikia mtoto. Mtoto naye hutengeneza insulini nyingi ili aimudu, na ananenepa. Akizaliwa, sukari ya mama inakatika ghafla ilhali insulini yake bado ni nyingi. Ndiyo maana wake aliishiwa na sukari.

Sasa dalili ni zipi? Kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, uchovu mwingi, macho kuona ukungu, na fangasi za ukeni zinazorudi hata baada ya dawa. Lakini hebu muulize mjamzito yeyote. Nani hachoki? Nani haendi choo usiku? Tena wengi wenye tatizo hili hawahisi chochote.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: ukiona dalili hizi sema kliniki siku hiyo hiyo, lakini usipoziona usijipe moyo. Jibu liko kwenye kipimo.

Kipimo chenyewe hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28. Unafika asubuhi bila kula, unatolewa damu, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha unatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kupimwa mkojo peke yake hakutoshi, maana mkojo unaweza kuonekana sawa na damu ina shida. Kama mzazi au ndugu yako ana kisukari, una uzito mkubwa, au uliwahi kujifungua mtoto wa zaidi ya kilo nne, usingoje wiki ya 24. Uliza mapema.

Najua kuna watakaosema kisukari ni cha wazee na matajiri. Dadangu ana miaka 26 na anauza mitumba. Wengine watasema kipimo ni pesa. Ni kweli, na mfuko wa kijana tunaujua. Lakini uliza bei kwanza, tena uliza hospitali ya umma, kabla ya kuamua huwezi. Upasuaji na siku nne za kulaza mtoto si bei ya soda.

Na ikipatikana, si mwisho wa dunia. Wengi huidhibiti kwa chakula na kutembea, wengine huhitaji dawa au insulini. Si lazima uache ugali. Punguza kipande, ongeza sukuma na maharagwe, na hiyo habari ya "kula ya watu wawili" iachwe. Ukishajifungua, rudi upimwe tena kati ya wiki ya 6 na 12, kwa sababu hatari ya kupata kisukari cha kudumu inabaki juu.

Nanyi wanaume, msimwachie mama mtoto pekee. Msindikize kliniki, na hiyo soda ya jioni muiache pamoja.

Siku nyingine mjamzito wa kwenu akikwambia ana kiu, mpe maji. Kisha muulize: ushapimwa sukari?