Kompyuta Iliyoganda na Mtu Aliyelaumiwa

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa Kiswahili niseme maoni yangu juu ya kompyuta ya chama chetu. Najua ya kuwa wengi wamechoka kusikia habari zake. Lakini kamati ya chama itakutana kabla ya kufunga shule, na shauri lililo mbele yake ni kubwa: je, tuendelee kuunda kompyuta kwa mikono yetu wenyewe, au fedha za mwaka ujao ziende dukani zikanunue zilizo tayari? Wanaotaka kununua wana hoja moja tu, nayo ni kwamba ile tuliyoiunda huganda ovyo. Mimi nasema neno hilo "ovyo" ndilo lililotuponza.

Kwa wale wasiojua kuganda ni nini, nitaeleza. Picha hubaki kwenye kioo kama ilivyokuwa, mshale wa kipanya hauendi, kibodi haisikii, na kama palikuwa na sauti, basi hurudia mlio mmoja kama nzi aliyefungiwa katika chupa. Mashine haizimiki wala haiandiki kosa lolote. Dawa ni kushikilia kitufe mpaka izime, na kazi ambayo haikuhifadhiwa imekwenda. Jambo hili si sawa na kuzima ghafula, wala si sawa na kujiwasha upya, na mtu asiyezitofautisha dalili hizi tatu hawezi kutibu hata moja. Kwa mfano, joto likizidi, prosesa za siku hizi kwanza hupunguza mwendo wake, na likizidi tena huizima mashine nzima ili zijiokoe. Kwa hiyo wale waliotumia Jumamosi tatu kupangusa feni na kupaka dawa mpya ya joto juu ya prosesa walifanya kazi nzuri ya usafi, maana vumbi jekundu la Kampala si mchezo, lakini hawakutibu ugonjwa.

Zaidi ya hayo yalifanyika mengine mengi. Windows iliwekwa upya mara tatu. RAM ilitolewa, ikasuguliwa kwa raba ya penseli, ikarudishwa. Halafu shilingi 180,000 za chama zikatolewa kununua RAM mpya, mashine ikakaa siku tatu bila kuganda, watu wakapiga makofi, na siku ya nne ikaganda. Wengine wakasema ni umeme wa jioni. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Lakini lililoniuma zaidi si zile fedha. Yuko kijana wa Kidato cha Pili, sitamtaja jina, ambaye ndiye mpigaji chapa wa kurasa hizi za Kiswahili. Viongozi wa chama waliona ya kuwa mashine huganda mikononi mwake kuliko mikononi mwa mtu yeyote. Wakaamua ya kuwa ana mkono mbaya, au ameleta virusi katika flashi yake, na tangazo likabandikwa kwamba asionekane tena chumbani. Hakuulizwa neno hata moja. Na kwa kuwa ni mdogo, na wao ni wakubwa wake, hakusema neno.

Mwalimu wetu wa hesabu aliposikia habari hizo alileta daftari la kurasa 96, akalifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, akaamuru mambo mawili. La kwanza, kijana yule arudi, kwa sababu huwezi kumchunguza mtu asiyekuwapo. La pili, mtu yeyote asishike bisibisi kwa wiki nne. Kila mashine ikiganda, aliyepo aandike tarehe, saa, jina lake, programu zilizokuwa wazi, joto la prosesa lilivyoonekana mara ya mwisho, na kama kazi ilikuwa nzito au nyepesi. Tena abonyeze kitufe cha Num Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, maana yake ndani bado kuna uhai, na yawezekana kilichokufa ni picha tu, yaani kadi ya picha au draiva yake. Taa isipobadilika, mashine nzima imesimama. Hilo ni jaribio la sekunde moja, halina gharama yoyote, na katika miezi miwili ya kubahatisha hakuna aliyelifanya.

Palikuwa na ubishi juu ya ripoti ambayo Windows yenyewe huiandika. Baada ya kuganda na kuzimwa kwa nguvu, ukifungua kumbukumbu za matukio utakuta mstari uitwao Kernel-Power, namba 41. Mkubwa mmoja aliusoma, akaona neno linalohusu nguvu za umeme, akataka pawa saplai itupwe siku ile ile. Lakini mstari huo husema tu ya kuwa mashine iliwaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Ni sawa na askari anayeandika kwamba amekuta gari mtaroni: hajasema aliyeliingiza. Baadaye pawa saplai ilikuja kuonekana ina sehemu yake, nami naona ni bora haikutupwa siku ile, kwa kuwa ingetupwa kwa hoja isiyo hoja, na chama kisingejifunza lolote.

Wiki nne zikapita. Daftari likawa na kuganda 14. Tisa kulitokea mikononi mwa kijana yule, kama wakubwa walivyosema. Mawili yalimpata mtunza maktaba akiandika orodha ya vitabu. Matatu yalitokea wakati chumba ni kitupu. Saa iliyoganda pembeni mwa kioo ndiyo iliyotuambia ni wakati gani. Saa zenyewe zilitawanyika asubuhi, mchana na jioni, basi hadithi ya umeme wa jioni ikafa. Taa ya Num Lock haikubadilika hata mara moja.

Na Jumamosi je? Wakubwa walikuwa wamecheza mpira wa kwenye kompyuta kama saa 30 kwa jumla, feni zikivuma na joto likifika 70, na hapakuandikwa kuganda hata kumoja. Mashine ilikuwa salama ilipofanya kazi nzito, nayo ilikufa ilipopumzika. Kijana yule hupiga chapa kwa vidole viwili, herufi kwa herufi, akitazama karatasi ya mwandishi. Na kati ya herufi na herufi prosesa haina kazi, hulala. Kosa lake lote lilikuwa hilo, kuitumia kompyuta kwa upole.

Hapo ndipo bisibisi ikaruhusiwa, lakini jambo moja kwa wakati mmoja. RAM ilipimwa usiku mbili kwa programu ya Memtest86+, ambayo huwashwa kutoka kwenye flashi kabla ya Windows kuamka. Kosa moja tu lingetosha kuihukumu, na halikuonekana. Nyuma ya madabodi tulitafuta skrubu iliyosahauliwa, ambayo yaweza kugusa njia za umeme, haikuwapo. Basi tukarudi kwenye usingizi.

Prosesa isiyo na kazi haikai macho. Hujizima sehemu kwa sehemu, ikishuka ngazi za usingizi, na katika ngazi za chini huvuta umeme kidogo mno. Mwaka 2013, Intel ilipotoa prosesa za Haswell, usingizi ulikuwa mzito hata pawa saplai ilitakiwa iwe imara prosesa ikivuta ampea 0.05 tu katika njia yake ya volti 12, ambapo kipimo cha kabla ya hapo kilikuwa 0.5. Watengenezaji wa pawa saplai wakatoa orodha za zile zinazofaa. Zile za miundo ya zamani zaidi zaweza kushindwa, si kwa mzigo mkubwa bali kwa kukosa mzigo. Yetu ilinunuliwa imetumika, na ni ya zamani kuliko kila kitu kilichomo katika kasha lile.

Katika BIOS tukaufunga usingizi mzito. Hatukugusa kingine. Kisha tukangoja, na hapa nataka wale waliopiga makofi siku ya tatu wasikilize. Mashine iliganda mara 14 katika siku 28, yaani kama mara moja kwa siku mbili. Kimya cha siku tatu hakithibitishi kitu. Mwalimu alituonyesha ubaoni ya kuwa, kama kuganda huja bila mpango, ukingoja mara tatu ya muda huo, yaani siku sita, nafasi ya kimya hicho kuwa bahati tu ni kama 5 katika 100. Sisi tulingoja wiki tano. Haikuganda.

Bado Mwalimu hakuridhika. Akasema turudishe mpangilio wa zamani makusudi. Wengine walilalamika, kwani nani humrudishia mgonjwa homa yake? Tukarudisha. Siku ya pili, saa kumi na dakika kumi jioni, ikaganda, mtunza maktaba akiwa ameiacha akanywe chai. Tukaufunga usingizi tena, na tangu hapo imetulia. Inakula wati chache zaidi ikiwa haina kazi, mpaka tutakapopata pawa saplai mpya.

Sasa narudi kwa wale wasemao tununue zilizo tayari ili tuepukane na matatizo. Matatizo ya namna hii hutoka hata viwandani. Mwaka 2012 ilijulikana ya kuwa diski za SSD aina ya Crucial m4 huacha kuitika baada ya kuwashwa kwa jumla ya saa 5,184, ambazo ni siku 216. Ukiiwasha tena hufanya kazi, halafu baada ya saa moja husimama tena. Mwenye diski hiyo angeapa ya kuwa mashine yake inaganda ovyo, kumbe ilikuwa ikihesabu saa zake kwa uaminifu. Programu mpya ya diski iliponya. Tena mwaka 2024 Intel ilikiri ya kuwa baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipata volti kubwa kupita kiasi kwa sababu ya maagizo yaliyomo ndani yake. Ikatoa marekebisho mwezi wa Agosti na Septemba, ikaongeza dhamana kwa miaka miwili, lakini zilizokwisha kuharibika hazikuponywa na marekebisho hayo. Kabla ya hapo baadhi ya michezo ilikuwa ikionyesha kosa la kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha haitoshi. Kadi ilisingiziwa na mwenye hatia ni prosesa.

Basi kompyuta ya dukani ikiganda chumbani mwetu, tutafanyaje? Tutairudisha dukani, na muuzaji ataiwasha, itawaka, atasema nzima. Tutairudisha tena. Hatutakuwa na daftari, kwa kuwa tutakuwa tumefundishwa ya kwamba kununua ndiyo dawa. Naona fedha za mwaka ujao zinunue pawa saplai moja mpya, na zinazobaki zianze vipuri vya kompyuta ya pili, ambayo kila sehemu yake iandikwe umri wake na ilikotoka kabla ya kufungwa.

Tena nina ombi kwa kamati. Tangazo lile la kumfukuza kijana bado limebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha chama, ingawa yeye mwenyewe huingia kila siku kuandika kurasa hizi, pamoja na huu mnaousoma. Liondolewe kabla ya mkutano, si baada yake. Na daftari likisomwa mbele ya kamati, asome yeye. Hati nyingi zilizomo ni zake, na wakubwa waliotia sahihi tangazo lile wawepo wamsikilize.