Pikapu ya Baba Watoto Inadunda?

Mwezi huu tutoke kidogo chumbani, twende uani ilipoegeshwa pikapu. Maana kuna ugomvi nausikia kila ninapopita: mama anasema gari linadunda, baba anajibu, "Aah, pikapu ndivyo zilivyo." Mazungumzo yanaishia hapo, na kesho yake watoto wanapakiwa humo humo kwenda kwa bibi.

Kwa kweli baba ana nusu ya haki. Pikapu nyingi zina springi ngumu nyuma kwa ajili ya mzigo, hivyo ikiwa tupu lazima ikurushe kidogo. Lakini ugumu ni kitu kimoja, kudunda ni kingine. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu kazi yake ni kuituliza isiendelee kupanda na kushuka. Ndani mna oili inayopenya kwenye vitundu vidogo. Ikivuja, hakuna tena wa kutuliza.

Watakwambia kandamiza bodi, achia, uone inadunda mara ngapi. Kwa gari dogo sawa, linapaswa kupanda na kutulia. Kwa pikapu siutegemei mtindo huo. Utasukuma mpaka kucha zikatike na usione kitu.

Mimi nachungulia nyuma ya tairi. Vumbi kavu kwenye shokapu, poa. Ikiwa imelowa oili, hiyo imekwisha. Naangalia na bushi za juu na chini kama zimeliwa. Kisha napitisha kiganja kwenye tairi: nikikuta vilima na mabonde, limekuwa likiruka badala ya kukanyaga.

Barabarani nasikiliza mwili wangu. Ukishika breki pua inainama sana? Tuta limepita lakini bado mnanesa? Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, nyuma inahamia pembeni? Ukifika, zima gari, vuta hendibreki, gusa shokapu kwa uangalifu. Iliyofanya kazi ina joto. Ukikuta moja ya baridi na mwenzake wa upande wa pili ana moto, hiyo imelala.

Msiseme ni suala la starehe tu. Tairi lililo hewani halishiki breki wala halikati kona, na mtoto akikatiza ghafla mbele yenu, hatua mbili tatu ndizo zinazoamua.

Mkinunua, badilisheni mbili kwa pamoja, kulia na kushoto. Na shokapu mpya si dawa ya mzigo uliozidi, baba asikudanganye.

Sasa utamwambiaje? Usimvizie mbele ya fundi wala mashemeji. Mwite uani jioni, mshikishe tairi, muonyeshe ile oili. Mwanaume anaweza kubishana na maneno yako, lakini si na kidole chake mwenyewe kilichochafuka.

Tukutane mwezi ujao, na uendeshe salama!