Mama wa Aliyeuawa na Mama wa Aliyeua



Mauaji ya kwanza duniani yalitokea ndani ya nyumba moja. Surat al-Maida imetusimulia habari za wana wawili wa Nabii Adam, ambao tumezoea kuwaita Qabil na Habil: jinsi mmoja alivyomuua mwenziwe, akabaki na maiti asijue la kufanya, hata akatumwa kunguru kumwonyesha namna ya kuisitiri. Tunapowasimulia watoto kisa hiki, aghalabu huishia kwa kunguru. Ni wachache wanaouliza habari za wazazi. Bibi Hawaa alifiwa na mwana kwa mkono wa mwana. Alikuwa mama wa aliyeuawa, na papo hapo mama wa aliyeua.

Sisi wa Mto Tana tuna sababu ya kumkumbuka mama huyo. Tarehe 22 Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, waliuawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 7 Septemba ikafuata Chamwanamuma, watu 12. Siku tatu baadaye ikawa Kilelengwani, watu 38, wakiwemo askari polisi 9. Kisha tarehe 21 Disemba, watu wakiwa bado wanaomboleza, ikawa zamu ya Kipao. Miongoni mwa Waorma na miongoni mwa Wapokomo, palikuwa na nyumba zilizolala na kilio.

Chanzo tunakijua. Mpokomo hulima kandokando ya mto. Muorma hufuga, na kiangazi kikiwadia mifugo yake hushuka mtoni kwa njia tunazoziita malka. Malka ikizibwa kwa shamba, au shamba likiliwa na ng'ombe, ugomvi huzuka. Hata mwaka 2001 damu ilimwagika kwa sababu hizo hizo. Lakini mto haushiki panga. Kila aliyekufa aliuawa na mtu mwenye jina, mwenye kwao, mwenye mama aliyemnyonyesha.

Ni nani watu hao? Rais Mwai Kibaki aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka, na mashahidi wakasikilizwa. Hata hivyo, mahakama haimhukumu mtu kwa ushahidi wa kwamba "walikuja watu usiku". Huhitaji jina, na huhitaji aliyeona. Na katika vijiji vyetu mtu hafanyi jambo kama hilo akarudi kwake bila ya yeyote kutambua. Yupo aliyemfungulia mlango. Yupo aliyeziona nguo zake. Mara nyingi huyo ni mwanamke, mama au mke, na ndiye ninayemkusudia leo.

Dada yangu, najua uzito wa ulichokibeba. Kumtaja mwanao ni kama kujikata kiungo kwa mkono wako. Lakini tazama kinachotokea unaponyamaza. Damu ambayo mwenyewe hajulikani hudaiwa kwa kila mtu. Waliofiwa, kwa kukosa wa kumdai, hulidai kabila zima. Basi huenda akauawa mtoto wa miaka sita kwa deni asilolikopa. Mwenyezi Mungu ametufundisha kwamba kila nafsi hubeba mzigo wake yenyewe. Tunapomficha mwenye mzigo, tunautwika mabegani mwa wasiokuwa na hatia, na miongoni mwao wamo watoto wetu wenyewe.

Wako wanaosema, tusamehe tu, yaishe. Msamaha ni jambo tukufu, na Surat al-Baqarah imewafungulia jamaa wa aliyeuawa mlango wa kusamehe na kupokea dia. Lakini ni haki yao wao kuufungua; si haki yetu kuufungua kwa niaba yao. Tena huwezi kumsamehe mtu ambaye hakuna anayekiri kuwa ndiye.

Surat an-Nisaa imetuamrisha tusimame na uadilifu katika ushahidi, ujapokuwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Na njia ipo. Kesi ya mauaji nchini Kenya haifi kwa kupitwa na miaka. Mahakama Kuu inakaa hapa hapa Garsen. Sheria ya Kulinda Mashahidi ya mwaka 2006 inampa shahidi aliye hatarini nafasi ya kuomba ulinzi. Anayeogopa kwenda peke yake na aandamane na mtu wa sheria au mzee anayemwamini.

Neno langu la mwisho ni kwa walionusurika. Wako wanaojilaumu hadi leo: lau ningalimshika mkono yule mdogo, lau tusingalilala pale usiku ule. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuonya kwamba neno "lau" humfungulia shetani kazi. Aliyekimbia kuokoa roho yake hakuua mtu. Hatia ni ya aliyeshika silaha, na ya aliyemtuma, na ya anayejua akaficha. Wewe una msiba, na msiba haki yake ni kuliwazwa.

Basi tunapotembeleana, tusiwasahau kina mama hawa wawili. Mama wa aliyeuawa tumsikilize bila ya kumharakisha anyamaze. Mama wa aliyeua tusimtenge kwa dhambi ya mwanawe. Naye amempoteza mtoto, na akijua kwamba hatutamkimbia, huenda akapata nguvu ya kusema alijualo.

Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wetu wa pande zote, na azipe ndimi zetu ujasiri wa kusema kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.