Judo si Milki ya Wanaume

Wapo watu ambao, kila wasikiapo kwamba msichana anajifunza judo au karate, hutikisa vichwa na kuuliza ataolewa na nani. Wengine, wenye kujiona waungwana zaidi, husema kwamba wao hawamkatazi mtu, ila wanawake wenyewe hawaipendi michezo hiyo. Hoja ya kwanza ni kejeli tu na haistahili jibu. Ya pili ndiyo yenye hatari, maana humtwika aliyefungiwa mlango lawama ya kutoingia.

Historia ya judo yenyewe inaikanusha hoja hiyo. Mchezo huo ulianzishwa Tokyo mwaka 1882 na mwalimu Jigoro Kano, na maana ya jina lake ni "njia ya upole". Msingi wake si wingi wa misuli, bali ni kuitumia nguvu ya mpinzani ili kumwangusha yeye mwenyewe. Keiko Fukuda, mwanamke ambaye kimo chake kilikaribia mita moja na nusu, alianza kujifunza kwa Kano mwaka 1935, na baadaye akawa mwalimu mashuhuri. Hata hivyo alikwamishwa katika dani ya tano kwa miaka mingi, si kwa upungufu wa ujuzi, bali kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa kupanda zaidi. Dani ya kumi alitunukiwa nchini Marekani mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 98.

Mwaka 1959, Rena Kanokogi aliingia katika mashindano ya judo mjini Utica, New York, akiwa amekata nywele na kujifunga kifua ili adhaniwe mwanamume. Akamshinda mpinzani wake. Alipoulizwa kama ni mwanamke hakukana, na medali ikachukuliwa. Ilimchukua miaka 50 kupewa tena medali, mwaka 2009. Je, huyo naye hakuipenda judo? Katika Olimpiki, wanaume walianza kushindania medali za judo mwaka 1964. Wanawake wakasubiri hadi mwaka 1992.

Hapa Tanzania madai ya unyonge wa mwanamke ni aibu zaidi. Tangu Jeshi la Kujenga Taifa lilipoundwa mwaka 1963, vijana wa kike wengi wamepita katika makambi yake, wakakimbia mchakamchaka na kujifunza kulenga shabaha. Taifa lililomkabidhi binti bunduki haliwezi kudai kwamba mkeka wa judo utamvunja. Soka nayo iliitwa mchezo wa wanaume, hata Twiga Stars ikacheza fainali za Afrika mwaka 2010.

Isidhaniwe kwamba karate itachukua nafasi ya sheria. Anayemshambulia mwanamke ndiye mwenye hatia, mwanamke huyo awe na mkanda mweusi au asiwe nao. Lakini somo la kwanza la judo ni namna ya kuanguka bila kuumia, kisha kuinuka. Msichana aliyelizoea somo hilo hatishiki upesi, wala hajifunzi kuomba radhi kwa kuwapo kwake.

Wajibu wa kwanza ni wa walimu na watumishi wa umma. Mkuu wa shule ndiye apangaye ratiba. Afisa michezo ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi. Ikiwa jioni zote ukumbi ni wa wavulana, na wasichana wakati huo wanateka maji na kufagia, asitokee mtu akaandika katika taarifa yake kwamba wasichana hawakujitokeza. Watengewe saa zao, na wapewe mkufunzi mwenye adabu, wa kike kila apatikanapo. Mlango na ufunguliwe kwanza. Hesabu ya walioingia itafuata.