Ziwa Tanganyika likipoa, kijana wa nyavu atakula nini?

Wadau, leo tuongelee dagaa wa Kigoma, maana naona watu tunawala tu bila kujua wanatoka wapi.

Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini unavuma sana juu ya Ziwa Tanganyika. Maji ya juu yanapoa na kusukumwa kaskazini, halafu kule kusini, pande za Kasanga na Mpulungu, maji ya baridi ya chini yanapanda na rutuba yake. Vimea vidogo vinastawi, vijidudu vinakula vimea, dagaa wanakula vijidudu, mgebuka anakula dagaa. Ziwa linaitegemea sana hiyo baridi.

Sasa mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatia makubaliano na nchi jirani zinazolizunguka ziwa. Yaani humo humo kwenye kipupwe. Lengo, samaki wazaliane. Mimi sipingi, wakubwa. Ila kuna mambo yananikera.

Kijana anayevuta nyavu kwenye boti ya tajiri hana mshahara, anapata mgao wa kilichovuliwa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi huwa anapumzika na kukopa unga dukani, giza likirudi analipa. Mwenye duka anajua hesabu hiyo. Sasa miezi mitatu mizima nani atamkopesha? Tajiri anaweza kusubiri, ana boti na pengine vyumba vya kupangisha. Dogo ana mikono tu. Wanasema afuge samaki kwenye vizimba. Sawa, lakini kizimba kinataka mtaji na chakula cha samaki, na huwezi kuvuna ndani ya miezi mitatu!

Halafu tunaongea kama vile mvuvi ndiye adui peke yake. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2003 ulionyesha ziwa limepata joto, maji hayachanganyiki kama zamani, na uzalishaji wake huenda umeshuka kwa kama asilimia 20. Joto hilo hulikamati kwa boti ya doria.

Kwa maoni yangu ziwa likifungwa, vijana wa nyavu waorodheshwe mapema, kabla ya Mei, na kila mmoja ajue Juni atakula nini. Tusianze na tajiri mwenye boti.

Wa Kibirizi na Katonga mpo? Ile 2024 mliishije? Mwageni hapo chini.