Siabudu Vita, Naunda Lori

Wasee, wacha niseme hii kitu mara moja tuachane nayo.

Kila nikiposti lori la vita nimeunda, yale madogo ya plastiki yenye bunduki nyuma, lazima mahubiri yaje. Kuna wale wa "mtu mzima anacheza na vitu vya watoto". Hao nawaelewa, hata mathe ni mmoja wao. Niliacha kampasi mwaka wa pili, so akinipata saa sita usiku na kibano mkononi, nabandika kioo cha pembeni kidogo kama punje ya mchele, najua anawaza nini. Sina ubaya naye.

Wanaonichoma ni wale wengine. Ati naabudu vita. Ati kijana wa Kenya, aliyeona jeshi likitolewa Juni 2024 wenzake wakiwa barabarani, anawezaje kukaa chini apake rangi gari la bunduki?

Swali ni la maana. Shida ni kwamba hakuna anayengoja jibu.

Lori lililo mezani kwangu sasa ni M54 ya tani 5, ya jeshi la Marekani, imepunguzwa mara 35. Urefu ni kama sentimita 22. Septemba 2, 1967, huko Vietnam, msafara wa malori uliviziwa kwa Barabara ya 19 karibu na An Khe. Watu 7 wakafa, kwa dakika chache tu. Na hao hawakuwa makomando, walikuwa madereva. Kazi yao ilikuwa kubeba mafuta, chakula na risasi za watu wengine, na wengi walikuwa vijana wa rika langu.

Sasa skia walichofanya. Walijaza magunia ya mchanga kwa bodi ya lori, wakaweka bunduki za rashasha, wakarudi barabarani. Lakini mvua ikinyesha, gunia linafyonza maji, gari linakuwa zito halisongi. Wakatoa magunia, wakatafuta vyuma, vingine vya skrapu, wakachomelea wenyewe. Hiyo ni jua kali, hakuna jina lingine. Halafu wakayapaka majina makubwa ubavuni, kama matatu za Rongai. Moja, Eve of Destruction, iko kwa makumbusho ya jeshi kule Fort Eustis, Virginia, mpaka leo.

Haya yote nimeyajua kwa sababu naunda. Ukitazama sinema hutajiuliza kwa nini ukuta wa chuma ni mbili na katikati kuna nafasi. Ukikata plastiki na wembe, unajiuliza. Chuma cha kwanza kinaivuruga risasi, cha pili ndicho kinaisimamisha. Kuna mtu alilazimika kufikiria hivyo ndiyo afike jioni. Hapo nani anaabudu nini? Mimi naona watu walioogopa na wakubwa wao hawakuwa wamewapangia kitu.

Lakini wacha pia niwe mkweli, juu kuna pahali wahubiri wamenipata. Sisi waundaji tuna tabia mbaya. Tunapenda kutu. Tunatoboa matundu ya risasi kwa sababu yanakaa poa kwa kamera. Nimeshamaliza siku tatu kwa matope ya tairi moja, na kiti cha mbele kiko tupu. Angalia picha za malori haya, yangu ama ya wenzangu: mara nyingi ndani hakuna mtu.

Anko wangu alikuwa dereva wa lori la jeshi, alipelekwa Somalia baada ya KDF kuingia Oktoba 2011. Hajawahi kutuambia mengi. Alikuja kejani, akaliinua lori langu, akaligeuza mara mbili, akasema kitu kimoja tu: "Na dereva ako wapi?"

Manze, sikuwa na jibu.

So ukitaka kunikosoa, nikosoe hapo. Lakini usiniambie ati niunde tu matatu. Wanaounda matatu za mkono nawapigia saluti, hiyo ni sanaa. Mimi nikiacha hii kazi, hakuna bunduki hata moja ya ukweli itapungua duniani. Kitakachopungua ni wale wanaojua kulikuwa na binadamu nyuma ya ule usukani. Na wewe unayenihubiria, nitajie dereva mmoja wa vita yoyote uliyewahi kumfikiria kwa dakika tano.

Nimeanza kumchonga wangu. Kichwa kina milimita 6, macho nimeyarudia mara nne. Anko ameangalia juzi, akasema mkono wa kulia umekaa vibaya, mtu akiwa na hofu hashiki usukani hivyo, anaukumbatia. Kesho naukata, naanza upya.